Kanyagio la Tatu

Lile kanyagio la klachi lililotundikwa ukutani juu ya birika la chai, ambalo kila kijana mpya wa gereji huliulizia, lina hadithi yake. Kamau, fundi wetu wa waya, huisimulia vizuri kuliko mimi, lakini katika ile yake mimi huwa mjinga zaidi kila mwaka. Sasa nimestaafu na nina nafasi. Nimeona heri niwaandikie mwenyewe, nionekane mjinga kwa kipimo changu.

Msitarajie habari za vyeo. Gereji yetu haikuwa na vyeo. Kulikuwa na aliyelala chini ya gari, na aliyekaa nje akimwambia vile angefanya. Nimekuwa wote wawili, na huyo wa nje ndiye huijua kazi kabisa.

Mimi ni Wekesa, mtu wa Bungoma, ingawa nimekaa huku hadi watu wa nyumbani wakinisikia wanauliza kama nilioa Mkikuyu. Sikuoa. Nimefanya kazi na Wakikuyu tu, na ni karibu yale yale. Nilikuja Thika kutafuta kazi ya kiwanda, nikakosa, nikaingia gereji ya Mzee Njoroge kuuliza choo kiko wapi. Mzee alikuwa chini ya lori. Alinyoosha mkono akasema, "Nipe spana kumi na saba." Nikampa. Kumbe nilikuwa nimempa kumi na tisa. Akanirushia, nikainama ikapita, akasema, "Sawa, una macho. Kuja kesho." Hicho ndicho chuo nilichosomea.

Mzee Njoroge alikuwa mkali, mnene, na hakupenda maswali kabla ya chai. Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sana. Gari ikiletwa, hata ikiwa inafuka moshi kama jikoni kwa mama, hakugusa boneti. Alifungua mlango wa dereva, akaliingiza tumbo lake kwa taabu, akashika usukani, akanyamaza. Angekanyaga hiki, angegusa kile, angeangalia kiti kimebonyea upande gani. Sisi tulisema mzee anaiba usingizi, na haki ya Mungu kuna siku alikoroma. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini humo ndani.

"Gari haikuji hapa peke yake," alisema. "Kuna mtu huwa anaiendesha. Kaa kwanza penye anakaa."

Nikasema ndiyo Mzee, nikaenda kuchekea nyuma ya choo.

Kazi iliyonipa jina, na sikusema ni jina zuri, ilikuwa kutoa injini ya petroli kwenye gari na kuweka ya dizeli. Watu wa Thika wenye veni kuukuu za kubebea mboga na maziwa walikuwa wamechoka kulisha petroli, nasi tukawa tunawaletea injini za dizeli kutoka Grogan, kule Nairobi kwenye vipuri, zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa. Mkiangalia mnaona ni kutoa na kuweka. Lakini dizeli ni nzito zaidi, vishikizo vyake havifikii mashimo ya chesisi, propela inayozungusha magurudumu ya nyuma inatokea fupi au ndefu, na ukimaliza unabaki na waya mkononi zisizo na kwao, unajifanya hukuziona.

Ya kwanza niliyofanya peke yangu nilitaka Mzee aone kwamba nimeiva. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yote yanaanzia. Injini ya petroli inapovuta hewa, mvuto ule ndio unaosaidia mguu kukanyaga breki. Hupitia kile chungu cha bati tunachokiita sevo. Dizeli haina mvuto huo. Lazima uifungie pampu ndogo ya kuvuta hewa, na sevo ndiyo inapata nguvu. Mimi niliiona ile pampu, nikaamua ni urembo, nikaiweka kando. Nikawasha, nikatoka getini kwa madaha, mkono mmoja nje ya dirisha. Nikashuka ule mteremko, nikakanyaga breki. Ilikuwa kama kukanyaga ukuta. Nilisimama juu yake kwa miguu yote miwili nikimwita mama yangu, aliyekuwa Bungoma asiweze kunisaidia, mpaka gari ikaingia kwenye rundo la mchanga wa mjengo na kutulia.

Mzee Njoroge alikuja polepole, kikombe mkononi.

"Ulikaa kwa kiti ukajaribu breki kabla utoke?"

"Hapana, Mzee."

"Basi sasa umekaa," akasema, akarudi kumalizia chai yake.

Mzee aliporudi shambani kwake Gatanga, nilihamia Ruiru, nikaungana na Kamau tukafungua hii gereji kando ya barabara ya kwenda Membley. Mnajua ilivyo. Mteja hasimamishi gari, anapunguza tu, anapiga honi, na fundi ndiye anayekimbia. Tulikuwa na mmoja aliyezidi wote, Mama Shiro. Alikuwa na veni nyeupe ya pua fupi, ya petroli, otomatiki, na miaka yote sikuwahi kumwona akishuka. Angepiga honi, niende dirishani, aseme shida yake, nifungue boneti yeye amekaa vivyo hivyo, miwani ya jua machoni, akiongea na simu. Kazi ikiwa kubwa, ndugu yake Gitau ndiye aliyeileta gari. Sisi tukampa jina: Madam Dirisha. Nilikuwa nikiwaambia watu, "Huyo akishuka chini, mvua itanyesha." Nilidhani ni maringo.

Mama Shiro alikuwa mwokaji. Kila asubuhi alibeba mikate na mandazi kutoka jikoni kwake hadi vibanda vya karibu na hosteli za wanafunzi, Juja upande mmoja na Kahawa Wendani upande mwingine. Mwaka mmoja veni ikachoka. Injini ilikuwa inakunywa oili kuliko petroli, na gia boksi ya otomatiki ilikuwa inateleza, unakanyaga mafuta gari inapiga kelele lakini haiendi. Wanafunzi walikuwa likizo. Wakifungua chuo na mikate yake haipo vibandani, kuna mwokaji mwingine aliyekuwa anangoja nafasi hiyo kwa hamu. Hilo Gitau alinieleza vizuri sana.

"Fundi, sista anasema afanyiwe kitu ya kudumu. Chuo kikifungua lazima hii gari iwe barabarani."

"Mwambie asijali," nikasema. "Tunatoa hii takataka yote. Tunaweka injini ya dizeli na gia boksi yake. Hiyo atazeeka nayo."

Akapiga simu hapo hapo, akamwambia dizeli na gia boksi yake. Nikasikia sauti ya Mama Shiro ikisema, "Sawa, yeye ndiye fundi." Hakuna aliyetamka klachi, kanyagio la tatu ambalo otomatiki haina. Mimi sikuona haja. Kwangu mimi, dizeli na klachi ni kama ugali na mboga.

Nilifanya kazi ile kwa moyo, hilo sitanyimwa. Vishikizo nilivichomelea mwenyewe. Propela ilipelekwa kukatwa na kusawazishwa kwa mtu wa mashine. Pampu ya kuvuta hewa niliifunga ya kwanza kabisa, nikaibusu. Ilibaki kufunga kanyagio la klachi, na hapo nikakuta kitu cha ajabu. Mahali pake, upande wa kushoto chini, palikuwa na kigogo cha mbao kilichopigiliwa misumari, kimefunikwa sponji na kapeti nyekundu.

"Ona Kamau!" nikapaza sauti. "Huyu mama ameweka mpaka sofa ndani!"

Tulicheka hadi mama wa chai akaja kuuliza kuna nini. Nikachukua mtaimbo, nikang'oa kigogo, nikakirusha nje, na kwa kuwa sipendi kuharibu mali, nikakiweka chini ya gurudumu la lori lililokuwa kwenye mteremko. Kilikaa vizuri. Nikafunga kanyagio langu.

Siku ya kuichukua gari, nilikuwa nimeiosha kwa sabuni na kuiacha ikinguruma taratibu. Nilivaa ovaroli safi. Nilitaka, kwa mara moja, Madam Dirisha aone kazi. Ikaja boda boda ikasimama getini. Abiria wake, mama mmoja aliyekaa upande, alishuka akiwa ameshika bega la dereva. Akatafuta usawa wake, akaanza kutembea. Mguu wake wa kushoto haukukunjika. Ulikuwa na vyuma viwili vilivyoshuka hadi kwenye kiatu, na kila hatua vililia, klak, klak, juu ya kokoto zetu. Nilikuwa karibu kumwambia aje polepole kuna oili, ndipo akasema, "Sasa, Fundi."

Sauti niliijua. Mtu sikumjua. Miaka yote ile sikuwahi kumwona chini ya mabega.

Akafungua mlango wa dereva, akainama, akaangalia chini. Akaangalia kwa muda.

"Fundi," akasema, "hii ya tatu ni ya nani?"

Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na ovaroli yangu safi.

"Na kiti ya mguu yangu iko wapi?"

Sote tukageuza macho mpaka kwenye lori. Kamau, ambaye kwa kawaida haachi nafasi ya kunicheka, alienda mwenyewe akaweka jiwe chini ya gurudumu, akakitoa kigogo, akakipangusa kwa fulana yake. Kapeti ilikuwa imechanika, ina alama ya tairi.

Nikampigia Gitau. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Fundi, hiyo kitu kila mtu anajua!"

Kila mtu. Mama wa chai alikuwa anajua. Muuza mitumba aliye mkabala nasi alikuwa anajua. Mama Shiro alikuwa na mguu ule tangu utotoni, Ruiru nzima ilikuwa inajua, isipokuwa bingwa aliyekuwa akimtazama kupitia dirishani miaka yote na kumpa jina.

"Rudisha ile ya zamani," alisema. Ile ya zamani tulikuwa tumeshampa mtu wa vyuma chakavu na alikuwa ameshaikata. Nikamwambia basi Gitau amwendeshee. Gitau alikuwa amepata kazi Eldoret, alikuwa anafunga mizigo. Nikasema, kwa upumbavu niliokuwa nao siku ile, kwamba angeweza kuandika dereva.

Hapo ndipo alipovua miwani.

"Nikitembea kwa soko watu wananifungulia njia kama maiti inapita," akasema. "Watoto wanauliza mama zao. Lakini nikiwa kwa hiyo kiti, mimi ni mtu ako kwa gari yake, kwisha. Nikipiga honi watu wanakuja. Wewe mwenyewe ulikuwa unakuja mbio. Sasa unataka nikae nyuma na mikate?"

Nilisikia aibu na huruma kwa pamoja. Nikamwambia, "Mama, niachie. Kabla chuo kifunguliwe utaendesha hii gari wewe mwenyewe." Sikujua kwa njia gani. Maneno yalitoka tu.

Jaribio la kwanza, nilichukua mkono wa klachi wa pikipiki, nikaufunga kwenye kijiti cha gia ili akamate vyote kwa mkono mmoja wa kushoto, na wa kulia ubaki kwenye usukani. Nikavuta kebo hadi kwenye klachi, nikaling'oa lile kanyagio langu. Nilijiona nina akili. Mama Shiro akaja, akakamata, akakaza. Mishipa ikamtoka shingoni. Akaweka na mkono wa pili.

"Ai, Fundi! Hii ni kukamua jiwe!"

Nikajaribu mwenyewe. Nilifaulu mara moja, kisha vidole vikakataa kufunguka, nikanywa chai ya saa nne vidole vikiwa vimejikunja. Klachi ya gari imetengenezewa nguvu ya mguu, na mkono si mguu. Nikarefusha mkono, nikabadilisha kebo, wapi. Na wanafunzi walishaanza kuonekana Juja wakibeba magodoro.

Kamau aliponikuta nimekaa chini nikiitazama gari, hakucheka. Hilo lilinitia hofu zaidi. Nikasimama, nikaingia kwenye kiti cha dereva. Msije mkasema nilimkumbuka Mzee Njoroge. Nilikuwa nimechoka, na kiti kilikuwa na sponji nzuri. Nilikirudisha kile kigogo mahali pake, nikaweka mguu wangu wa kushoto juu yake, nikauacha umelala, nikasema hebu leo nami nisiwe nao. Kiti kilikuwa kimebonyea upande wa kulia. Juu ya mlango palikuwa na mshipi wa ngozi aliokuwa akijivutia kuingia, umelainika kwa kushikwa. Vitu hivyo vilikuwepo siku zote. Nilivifagia nilipokuwa nafagia gari.

Nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia, bila kufikiri. Injini ilikuwa imezimwa na breki ikawa ngumu. Nikawasha. Mguu ukazama wenyewe, laini.

Nikakumbuka mchanga wa Thika. Nikakumbuka hadi ladha yake.

"Kamau!" nikapiga kelele. "Kama ile sevo inasaidia mguu kukanyaga breki, si inaweza kusaidia mkono kukanyaga klachi?"

Kamau akakuna kichwa. "Kwani mkono na mguu sevo inajua tofauti?"

Tukapata sevo ndogo ya gari iliyogongwa, tukaifunga kati ya kebo na klachi, tukaichotea mvuto kutoka kwenye pampu ile ile niliyoiona urembo nikiwa kijana. Sitawadanganya kwamba ilikubali mara moja. Ilivujisha hewa, ikang'ang'ania, na kuna wakati iliachia klachi kwa kishindo gari ikaruka mbele ikang'oa kamba ya nguo za mama wa chai. Lakini ilipokubali, ilikubali. Vidole viwili tu, na klachi inashuka.

Nilimfundisha kwenye kiwanja kitupu nyuma ya gereji. Mimi nilisimama nje, dirishani kwake, mahali pangu pa siku zote. Gari ilizima. Ikawaka, ikazima tena. Aliuachia ule mkono wa klachi ghafla, gari inarukaruka kama mbuzi, inakufa.

"Usiachilie kwa pupa, Mama! Polepole, kama unatoa mkono chini ya mtoto aliyelala!"

"Umewahi kulaza mtoto wewe?"

"Achilia taratibu nakwambia! Mafuta kidogo! Usi..."

"Si unyamaze kwanza niendeshe!"

Nikanyamaza. Na gari ikaondoka. Ikazunguka kiwanja, gia ya pili, ikazunguka tena, na mara ya tatu haikuzunguka. Ilitoka getini, ikashika barabara ya Membley, ikapiga honi. Nilimkimbilia hatua chache kwa mazoea. Halafu nikasimama pale barabarani nikilia, na nikamwambia Kamau ni moshi wa dizeli. Kamau akasema dizeli hii haitoi moshi.

Chuo kilipofunguliwa, mikate ilikuwa vibandani. Na baadaye, akiwa amekuja kubadilisha oili, aliniambia kupitia dirishani, "Na mlidhani sijui mnaniita Madam Dirisha?" Nikaangalia boneti kana kwamba ina maandishi.

Kanyagio nililitundika ukutani. Tangu hapo, gari yoyote ikiletwa kwangu, nilikaa kwanza kwenye kiti cha dereva, nanyi mkawa mnasema mzee anaiba usingizi. Nilikuwa nawasikia. Na ndiyo, kuna siku nilikoroma.

Sasa nimefika mwisho wa kazi kwa sababu ya goti, na ni la kushoto, chekeni mkitaka kucheka. Miaka ya kulala kwenye saruji baridi imelimaliza. Daktari aliniambia nisikanyage klachi tena. Siku mliponiaga, na soda na viti vya kukodi, na Kamau akisimulia hadithi ile kwa mara nyingine huku akiongeza chumvi, honi ikalia getini. Niliijua. Mwili wangu ukataka kuinuka ukimbie dirishani, goti likakataa, nikaanguka tena kwenye kiti cha plastiki.

Honi haikulia tena. Tulisikia mlango ukifunguliwa, kisha klak, klak, juu ya kokoto, polepole, hadi kwenye kiti changu. Akanipa mkono.

"Leo nimeshuka mimi," akasema. Kisha akanipa ufunguo. "Nasikia wamekukataza kukanyaga klachi. Hiyo yangu haikanyagwi."

Mlininyanyua nyinyi wenyewe, mnakumbuka. Nikajivuta kwa ule mshipi wa ngozi, nikakaa. Mguu wangu wa kushoto ukapanda juu ya kigogo cha kapeti nyekundu, ukapumzika, na goti likaacha kuuma. Nikawasha. Nikakaza vidole, nikaingiza gia ya kwanza, na mbele ya gereji nzima, mimi niliyeitengeneza klachi ile kwa mikono yangu, nikaiachilia kwa pupa, gari ikaruka na kuzima.

Mkacheka hadi soda zikamwagika. Yeye alikuwa amesimama nje, dirishani, mahali pangu.

"Usiachilie kwa pupa, Fundi. Kama unatoa mkono chini ya mtoto..."

"Si unyamaze kwanza niendeshe!" nikasema, nikawasha tena.